Kikumbusho cha Tatu

Mnada ulifungwa Jumapili, saa tatu na dakika nne usiku.
Nilikuwa jikoni, maji ya chai yanaanza kuimba,
simu ikatetemeka juu ya meza:
koruna elfu mbili na mia sita
kwa karatasi isiyozidi kidole gumba,
lebo ya kiberiti, kulungu wa kijani
aliyechapwa miguu juu
na mchapaji mlevi, au mwenye usingizi,
kabla mimi sijazaliwa.

Mshindi: Mwindaji71.
Nikampongeza. Nikampa jina langu, Dobromila,
namba ya akaunti, na ahadi
kwamba nitamlaza kulungu katikati ya kadibodi mbili
asije akavunjika shingo njiani.

Jumatatu, kimya.
Jumanne kadi yake ilikuwa na hitilafu.
Alhamisi mama yake kalazwa.
Ijumaa nikamtakia mama afya njema
na moyoni nikasema: mwongo.
Nimegawa barua Ostrava miaka thelathini na moja,
naujua mlango ambao nyuma yake
kuna mtu amebana pumzi.

Siku ya tisa tovuti ikanirudishia ada yangu,
koruna themanini na mbili, na pole ya mashine.
Nikamwandikia aliyeshika nafasi ya pili, bwana wa Žilina.
Akajibu kwa adabu kwamba keshapata mwingine,
kulungu aliyesimama wima kama kulungu wengine,
na mkewe kasema basi.

Kvido, mtoto wa kaka, hana subira:
"Mzuie huyo, shangazi. Mpe alama mbaya.
Weka sharti, alipe papo hapo au asiguse."
Sharti nimeweka.
Kumzuia, sijui kwa nini, sikumzuia.

Usiku nikamrudisha kulungu kwenye sanduku la marehemu.
Kitambaa cha chini kilikuwa kimebanduka pembeni.
Nikavuta.

Barua tatu, wino wa buluu, mwaka sabini na nne,
kutoka kwa Otakar Halíř, Prešov.
Ya kwanza: *Bwana Vratislav, natumaini kulungu amefika salama.*
Ya pili: *Huenda barua yangu ilipotea.*
Ya tatu fupi:
*Sitakusumbua tena. Alikuwa wa baba yangu.*

Nikakaa sakafuni na nguo ya kulalia.
Mwaka ule mtaa wa kaka ulikuwa njia yangu.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mkoba mpya,
naye kila asubuhi alinifungulia kabla sijabisha,
akapokea barua, akanikatia keki ya mbegu za mpopi,
akasema, "Kaa kidogo, nje baridi."
Basi hizi tatu nilizileta mimi.
Kwa mkono huu.
Na keki nikala.

Kukopa harusi, kulipa matanga:
harusi ilikuwa yake, matanga pia yake,
aliyebaki na kalamu ni mimi.

Sijui kama kuna Halíř yeyote Prešov leo.
Nimeandika anwani ileile, nyumba namba kumi na tisa,
kadibodi mbili, gundi pande zote.
Kijana wa kaunta akauliza thamani ya kilichomo.
Nikasimama pale, mimi, mtu wa posta,
sina jibu,
mpaka mtu nyuma yangu akakohoa.
"Andika sifuri," nikasema.
Akaandika.

Jioni simu ikatetemeka juu ya meza.
Mwindaji71:
*Samahani sana kwa kuchelewa.
Mama katoka hospitali leo, anatembea mwenyewe.
Pesa ninayo sasa.
Kulungu bado yupo?*